Shajara ya mradi: duka la vipuri lisiloonekana Google

Wiki ya 1, Jumatatu

Kazi imeingia leo. Ni duka la vipuri vya pikipiki na bajaji hapa Dar es Salaam, tovuti yake imewekwa hewani miezi michache iliyopita. Kwa macho ni nzuri, tena nzuri kweli: picha safi, rangi zimetulia, kwenye simu inateleza. Mwenye duka, mama mtu mzima anayejua bei za cheni kwa kichwa, ameniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nikiandika jina la duka kwenye Google naliona. Nikiandika sproketi ya Boxer nawaona wenzangu. Kwa nini?"

Swali limepangwa vizuri kuliko ripoti nyingi nilizowahi kutumiwa. Jina la duka linaonekana, kwa hiyo ukurasa wa mwanzo umefikiwa. Sproketi haionekani, na hapo kuna mawili: ama Google imeuona ukurasa wa bidhaa ikauona hauna uzito, ama haijawahi kuufikia kabisa. Dawa zake hazifanani. La kwanza ni la maandishi na ushindani, la pili ni la ujenzi. Nisipojua ni lipi, nitaandika maelezo ya bidhaa mwezi mzima na yasisomwe na yeyote.

Kipimo cha haraka: nimetafuta kwa `site:` pamoja na jina la kikoa (anwani ya tovuti), amri inayoonyesha kurasa za tovuti moja zilizomo Google. Yametokea mwanzo, "Kuhusu sisi", mawasiliano na sera ya faragha. Bidhaa hakuna hata moja. Kipimo hicho si cha kutegemea mtu akitaka idadi kamili, ila bidhaa zikikosekana zote namna hiyo tunaanza na ujenzi.

Nimeomba ruhusa ya DNS (mfumo unaounganisha jina la tovuti na seva yake) ili niweke rekodi ya TXT, maandishi ya kuthibitisha umiliki, kwa ajili ya Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona. Nimeomba pia kumbukumbu za seva, yaani orodha ya maombi yaliyoifikia. Mbunifu aliyejenga tovuti ameuliza kama nakuja kumharibia kazi. Nimemwambia hapana kaka, sura haiguswi.

Wiki ya 1, Jumanne

Nimefanya ambalo nalifanya mwanzoni mwa kila kazi ya aina hii: nimeizima JavaScript, msimbo unaoujenga ukurasa ndani ya kivinjari, nikafungua tovuti. Ukurasa mweupe. Nimechukua ukurasa wa bidhaa kwa `curl`, zana inayopakua ukurasa bila kuuchora, nikausoma kama ulivyotoka kwenye seva: kichwa chenye jina la duka (lile lile kwenye kila ukurasa), `div` (kisanduku cha ukurasa) moja tupu, na mafaili ya JavaScript. Hakuna jina la kipuri wala bei. Hata kiungo kimoja hakuna.

Hapa watu wengi hukimbilia kusema "Google haisomi JavaScript". Maneno hayo yalikuwa na ukweli zamani. Googlebot, roboti ya Google inayopitia kurasa, hupakua kwanza HTML (maandishi ghafi ya ukurasa), kisha ukurasa huwekwa kwenye foleni ya kuchorwa na kivinjari cha Chromium, na tangu 2019 kivinjari hicho huenda sambamba na matoleo mapya ya Chrome. Kwa hiyo ukurasa mtupu wa mwanzo unaweza kujaa baadaye. Swali ni kwa nini wa kwetu haukujaa.

Pia Google si mgeni pekee. Mwenye duka anauza sana kwa WhatsApp, na analalamika kwamba akituma kiungo cha bidhaa hakitoi picha wala jina, kinatoa anwani kavu. Chanzo ni hicho hicho. WhatsApp inapotengeneza ile kadi ya kiungo husoma tagi za `og:title` na `og:image` zilizomo kwenye HTML ya kwanza, haisubiri JavaScript imalize kazi. Nimefurahi kuligundua hili mapema kwa sababu ya kisiasa zaidi kuliko ya kiufundi: kumweleza mfanyabiashara habari za roboti ni kazi, lakini kadi ya WhatsApp isiyo na picha anaiona kwa macho yake mwenyewe.

Wiki ya 1, Jumatano

Jibu la jana liko ndani ya robots.txt, faili linaloziambia roboti zisifike wapi. Faili lenyewe:

```
User-agent: *
Disallow: /api/
Disallow: /assets/
Disallow: /admin-mpya/
```

Data zote za bidhaa, yaani jina, bei, picha na maelezo, zinaletwa na JavaScript kutoka `/api/`. Mafaili ya JavaScript yenyewe yamo ndani ya `/assets/`. Googlebot inapofika kwenye hatua ya kuchora ukurasa hutii robots.txt kwa kila faili inalotaka kupakua. Inazuiwa kuchukua msimbo, na hata ingeupata ingezuiwa kuchukua data. Inachora ukurasa mweupe na kuondoka.

Aliyeandika mistari hii hakuwa mjinga. Aliona kwamba `/api/` si ya wageni, akaifunga. Utaratibu wa robots.txt ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, enzi ambazo ukurasa ulikuja mzima kwa ombi moja, na kufunga folda la mafaili ya ndani hakukuathiri kitu kinachoonekana. Ulipoandikwa rasmi kuwa RFC 9309, hati ya viwango vya mtandao, mwaka 2022, kurasa zilikuwa zimeshageuka kuwa programu zinazojijenga ndani ya kivinjari. Sheria imebaki ile ile, kinachofungwa ndicho kilichobadilika.

Mstari wa tatu unanikera kwa namna nyingine. robots.txt ni faili la wazi, yeyote duniani analisoma. Kuandika humo njia ya ukurasa wa usimamizi ni kuutangaza. Nimeutoa, na nimemwomba fundi wa seva aweke nywila mbele ya njia hiyo.

Nimeifungua `/assets/` pamoja na sehemu ya `/api/` inayotoa bidhaa. Google huweza kutumia nakala ya zamani ya robots.txt hadi saa 24, kwa hiyo hakuna sababu ya kukaa naisubiri leo.

Jioni nimekuta jingine: kurasa zote za makundi ya bidhaa zina `noindex, nofollow`, yaani amri za kutoingiza ukurasa kwenye Google na kutofuata viungo vyake. Zimetoka kwenye seva ya majaribio, zikahamishwa na kila kitu siku ya uzinduzi. Kwenye seva ya majaribio zilikuwa sahihi kabisa. Nimeziondoa, na nimeandika kwenye orodha ya uzinduzi ya mbunifu: *angalia noindex*. Kuna jambo hapa ambalo huwachanganya wengi. Ukiufunga ukurasa kwa robots.txt, roboti haitauona `noindex` uliomo ndani, maana haikuruhusiwa kuusoma. Anwani yenyewe inaweza hata kuonekana kwenye matokeo bila maelezo, kama kuna tovuti nyingine iliyoiunganisha. Anayetaka ukurasa utoke kwenye faharasa auache wazi usomwe, ndipo `noindex` ifanye kazi. Na kuandika `noindex` ndani ya robots.txt Google ilishaacha kukutambua tangu Septemba 2019, ingawa miongozo inayozunguka mtandaoni bado inakufundisha.

Wiki ya 1, Ijumaa

Siku nzima na mbunifu. Tumebishana, lakini tumebishana vizuri.

Menyu yake ya makundi imejengwa kwa `div` zenye `onclick`, yaani visanduku vinavyosubiri kubonyezwa. Ukigusa "Breki", JavaScript inabadilisha kilichomo na anwani inakuwa `/#/breki`. Mtu anaona amehamia ukurasa mwingine. Roboti haioni hivyo. Roboti hukusanya anwani kutoka kwenye tagi ya `a` yenye `href`, yaani kiungo cha kawaida, haibonyezi `div` ili ione kitatokea nini. Halafu kinachofuata alama ya `#` huhesabiwa kuwa sehemu ya ukurasa ule ule, kwa hiyo `/#/breki`, `/#/klachi` na `/#/taa` kwa Google ni anwani moja: ukurasa wa mwanzo. Mwaka 2009 Google ilipendekeza mtindo wa `#!` kwa tovuti za namna hii, ikauacha rasmi 2015. Siku hizi tuna History API, inayoiruhusu JavaScript kubadilisha anwani bila `#`, na mbunifu anaijua. Alichagua `#` kwa sababu haikuhitaji kugusa mipangilio ya seva.

Hilo tumekubaliana kwa dakika chache. Ubishi ulikuwa kwenye orodha isiyo na mwisho.

Ukurasa wa "Injini" unaonyesha bidhaa kadhaa, ukishuka zinapakiwa nyingine, ukishuka tena nyingine. Mbunifu anasema namba za kurasa ni mambo ya kizamani, mteja yuko kwenye daladala, ana kidole kimoja, ashushe tu. Sina cha kumpinga hapo, mimi mwenyewe nashusha. Lakini Googlebot haishushi ukurasa kama mtu. Inachora kwenye dirisha refu, inasoma kilichopo, basi. Tukio la `scroll` halitokei kamwe, kwa hiyo pistoni, beringi na gasketi zilizo chini ya awamu ya kwanza hazijawahi kuwepo kwake.

Tulikofikia: orodha inaendelea kushuka kama anavyotaka, ila kila awamu ina anwani yake halisi, `/sw/injini?ukurasa=2`, na chini kuna viungo vya kawaida vya kurasa zinazofuata. Mtu akishusha, History API inabadilisha anwani juu. Roboti inafuata viungo. Mteja akimtumia rafiki yake kiungo akiwa katikati ya orodha, rafiki anaangukia pale pale, jambo ambalo jana halikuwezekana. Mbunifu aliuliza kama tuweke na `rel="next"` na `rel="prev"`, alama za ukurasa unaofuata na uliotangulia. Google ilisema 2019 kwamba haizitumii tena, kwa hiyo sitegemei kitu kutoka kwake huko. Zikiwepo hazidhuru.

Picha nazo zilikuwa zinasubiri tukio la `scroll` ndipo zipakiwe. Tumebadilisha ziwe na `loading="lazy"` ya kivinjari chenyewe (picha hupakiwa inapokaribia kuonekana). Bando la mteja linaokolewa vile vile, na anwani ya picha inabaki kwenye `src` ambako roboti inaiona.

Wiki ya 2, Jumatatu

Search Console imeanza kutoa data. Kurasa za bidhaa hazimo hata kwenye orodha ya "zimegunduliwa lakini hazijaingizwa". Google haijui kwamba zipo.

Nimegundua sababu nyingine. Kwenye ukurasa wa mwanzo kuna kisanduku kizuri sana: "Chagua pikipiki yako". Unachagua kampuni, modeli, mwaka, kisha "Tafuta". Mama anakipenda kupita kitu chochote kwenye tovuti, na ana haki, maana ndivyo anavyouliza mteja akifika dukani: "Pikipiki gani? Ya mwaka gani?" Lakini vipuri vya modeli za zamani havikuwekwa kwenye kundi lolote, vinapatikana kwa njia ya kisanduku hicho peke yake. Siwezi kutegemea roboti ijaze fomu, ichague Boxer, ichague mwaka, ibonyeze.

Kisanduku kinabaki. Tunaongeza ukurasa wa kila modeli: Boxer BM 100, Boxer BM 150, TVS HLX 125 na wenzake, kila mmoja na viungo vya vipuri vyake, na ukurasa mmoja unaoziorodhesha modeli zote. Ukimaliza kuchagua kwenye kisanduku unapelekwa kwenye ukurasa huo huo wenye anwani safi. Nadhani kurasa hizi ndizo zitakazoleta wateja kuliko ukurasa wa mwanzo, kwa sababu hakuna anayetafuta "duka la vipuri lenye ubora". Mtu anatafuta "kabureta ya Boxer 150".

Wiki ya 2, Jumatano

Leo ndiyo siku iliyoeleza mengi zaidi, na chanzo chake ni jambo ambalo kila aliyehusika aliliona kuwa huduma kwa mteja.

Tovuti ina Kiswahili na Kiingereza. Anwani ni moja. Seva inaangalia IP ya mgeni (namba ya mtandao anaotokea): akiwa Tanzania au Kenya anapewa Kiswahili, akiwa kwingine anapewa Kiingereza. Akibadilisha lugha mwenyewe, chaguo linahifadhiwa kwenye kidakuzi (faili dogo ndani ya kivinjari chake). Mimi nikiwa Dar, mbunifu akiwa Dar, mwenye duka akiwa Dar, sote tumekuwa tukiona tovuti ya Kiswahili.

Googlebot hutambaa zaidi kwa IP zinazoonekana kuwa za Marekani. Haitumi kichwa cha `Accept-Language`, kinachotaja lugha ya mgeni. Haibebi vidakuzi kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Nimekodi seva ndogo huko Marekani nikapiga `curl` kutoka kule: Kiingereza kitupu, mwanzo hadi mwisho. Kiswahili cha tovuti hii, ambacho mama alikaa na kijana wake wa dukani wakakiandika usiku baada ya kufunga hesabu, hakijawahi kufika Google. Na wateja wanaandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia? "Bei ya cheni ya Boxer." "Shokapu za TVS." "Saiti mira ya bajaji."

Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo tumekuwa tukimsemesha Mmarekani Kiingereza, na hanunui."

Marekebisho: lugha mbili, anwani mbili. `/sw/` na `/en/`, kila ukurasa na mwenzake, na viungo vya `hreflang`, vinavyoonyesha toleo la lugha nyingine, vinavyotajana pande zote mbili. Ukurasa wa Kiswahili ukiutaja wa Kiingereza nao usiporudisha, Google huweza kuupuuza uhusiano huo. Msimbo ni `sw` tupu. Mbunifu alitaka `sw-TZ`, Kiswahili cha Tanzania, lakini hatuna maandishi tofauti kwa ajili ya Kenya, hakuna sababu ya kujifunga. `x-default`, toleo la mgeni ambaye lugha yake haimo, tumeielekeza kwenye Kiswahili, na hili nimelisukuma mimi: duka ni la Kiswahili, Kiingereza ndiyo nyongeza.

Kuhamisha watu kwa IP kumeondolewa kabisa. Badala yake kuna mstari mdogo juu ya ukurasa unaopendekeza lugha nyingine, wenye kiungo cha kawaida. Na si roboti pekee iliyokuwa inaumia. Kuna wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaofuata mzigo Dar, wanaongea Kiswahili na Kifaransa. Seva ilikuwa inaangalia IP yao na kuwapa Kiingereza.

Wiki ya 2, Alhamisi

Fupi. Kwenye toleo la simu mbunifu ameondoa jedwali la vipimo (idadi ya meno ya sproketi, ukubwa wa beringi, urefu wa cheni) ili ukurasa "upumue". Kwenye kompyuta lipo. Google huingiza kurasa kwa kuzitazama kama simu. Mpango huo ulitangazwa 2016 na tovuti za mwisho zikahamishwa 2024. Ambacho hakipo kwenye toleo la simu kwake hakipo. Jedwali limerudi, limefichwa chini ya kitufe cha "Vipimo", ila limo ndani ya HTML. Kukunja maandishi hakuna tatizo, tatizo ni kuyaondoa.

Wiki ya 2, Jumamosi

Tulipofungua njia, roboti zimeingia. Zimeingia mno. Fundi wa seva amenipigia asubuhi: "Kaka, seva inapumulia mdomo."

Kumbukumbu za seva zinaonyesha anwani kama `/sw/breki?kampuni=tvs&bei=2&panga=mpya&stoo=1`, nyingine kama hiyo, nyingine, maelfu. Ni vichujio. Kila kichujio sasa kimekuwa kiungo halisi, kama tulivyotaka kwenye menyu, na hapa ndipo ilipotakiwa kusimama.

Nimepiga hesabu ili nimwonyeshe mbunifu. Kampuni 10, aina za kipuri 12, ngazi za bei 5, njia 4 za kupanga, na swichi ya "vilivyopo stoo". Kama kila kichujio kinachukua chaguo moja au kinaachwa wazi: 11 × 13 × 6 × 4 × 2, jumla anwani 6,864. Hiyo si mbaya sana. Lakini kampuni kwenye tovuti hii unaweza kuchagua zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo badala ya 11 tunaweka 2 kwa kipeo cha 10, yaani 1,024. Jumla inakuwa 638,976. Na kwa kuwa vichujio huandikwa kwenye anwani kwa mpangilio alioubonyeza mteja, mchanganyiko mmoja unaweza kuwa na anwani kadhaa. Duka lenyewe halina bidhaa elfu mbili.

Kawaida nasita kuzungumzia bajeti ya kutambaa, yaani kiasi cha kurasa ambazo roboti iko tayari kupakua. Google yenyewe inasema ni suala la tovuti kubwa sana, za kurasa milioni na kuendelea, au zenye kurasa elfu kumi na zaidi zinazobadilika kila siku. Washauri wengi wanaitumia kuwatisha wenye tovuti za kurasa hamsini. Ila ukitengeneza vichujio hivi, duka dogo linageuka tovuti kubwa kwa usiku mmoja, na roboti inazunguka kwenye mpangilio wa bei wakati ukurasa wa kabureta unasubiri.

`rel="canonical"`, alama inayotaja ukurasa mkuu kati ya zinazofanana, tunayo tayari, inaelekeza kwenye kundi mama. Haitoshi: lazima roboti ipakue ukurasa ndipo iione, na kupakua ndiko kunakoiangusha seva. Zamani Search Console ilikuwa na zana ya kueleza vigezo vya anwani (vinavyofuata `?`), imeondolewa tangu 2022. Tulichofanya:

```
User-agent: *
Disallow: /admin/
Disallow: /*panga=
Disallow: /*bei=
Disallow: /*stoo=
```

Kampuni na aina ya kipuri zimetolewa kwenye vigezo zikawa njia za kawaida, `/sw/breki/tvs`, kwa sababu hivyo watu wanavitafuta kweli. Kampuni zaidi ya moja kwa pamoja inabaki kazi ya JavaScript bila kiungo. Hakuna mtu anayetafuta "breki za TVS na Honda na Bajaj chini ya elfu ishirini zilizopangwa kwa upya". Na `/admin/` hapo juu mtu asiniulize, ni neno la kawaida ambalo wadukuzi hulijaribu bila kuambiwa. Ile njia halisi ina nywila na haimo kwenye faili.

Wiki ya 3, Jumatatu

Ukarabati mdogo mdogo. Ukifungua anwani ya bidhaa ambayo haipo unaona ukurasa mzuri wenye mchoro wa pikipiki iliyopasuka tairi na maneno "Samahani, hatukuipata". Seva inasema 200, yaani "sawa, ukurasa upo". Sasa inasema 404, "haupo". Mchoro umebaki, mama anaupenda.

Bidhaa ikiisha stoo, mfumo ulikuwa unafuta ukurasa na kumhamishia mteja mwanzo. Google huuchukulia uhamisho wa namna hiyo kama 404 iliyojificha, na mteja aliyefuata klachi anajikuta anasoma salamu za karibu. Sasa ukurasa unabaki na "Kwa sasa haipo, mzigo unakuja" pamoja na vipuri vinavyofanana. Kikiacha kuuzwa moja kwa moja ndipo kinapewa 410, "umeondolewa kabisa".

Wiki ya 3, Jumanne

Baada ya Jumamosi, kampuni inayotuhifadhia seva iliwasha ulinzi dhidi ya roboti bila kutuuliza. Googlebot imepata 403, "hairuhusiwi", usiku kucha, na wageni wengine wanatakiwa kuthibitisha kwamba ni binadamu. Kwa upande wao wanalinda seva, naelewa.

Kulegeza kwa jina pekee hakufai, yeyote anaweza kuandika "Googlebot" kwenye utambulisho wake. Njia ya kuhakiki ni kuigeuza IP iwe jina kwa DNS, kuangalia kama linaishia `googlebot.com` au `google.com`, kisha kuligeuza jina hilo lirudi kuwa IP na kuona kama ni ile ile. Nimepitisha kumbukumbu za usiku kwenye kipimo hicho. Baadhi ya hizo "Googlebot" zilikuwa zimejipa jina tu. Hizo zibaki nje.

Nimeomba pia robots.txt isiguswe na ulinzi wowote. Faili hilo likijibu 404 Google huchukulia hakuna katazo. Likijibu kosa la seva, 500 na familia yake, Google husimamisha kutambaa tovuti nzima kwanza.

Wiki ya 3, Alhamisi

Nimeenda dukani. Mwenye duka alitaka kunionyesha "ukurasa wa ofa", ambao anautengeneza mwenyewe kila wiki. Ni mabango: picha ya cheni, mandhari nyekundu, bei kubwa ya manjano, jina la kipuri, namba ya simu. Yaleyale anayoweka WhatsApp Status, anayapandisha na kwenye tovuti. Ukurasa mzima ni picha, hauna herufi moja ya maandishi.

Sikutaka kumkatisha tamaa, kwa sababu mabango hayo yana bei, na bei iliyoandikwa wazi ni kitu adimu. Nusu ya maduka mtandaoni huandika "bei njoo inbox", halafu yanashangaa. Tumeelewana hivi: bango linabaki, chini yake anaandika mstari mmoja kwa maneno yake, na mfumo unauweka kama kichwa cha ofa na kama `alt` (maelezo ya maandishi) ya picha. Nimekaa naye akaandika ya kwanza: "Cheni na sproketi za Boxer 150, seti nzima, zimeshuka bei hadi Jumapili." Mimi ningeandika vibaya zaidi. Yeye ndiye anayesikia wateja wakitaja vitu siku nzima, anajua wanasema shokapu, hawasemi "vifyonza mshtuko" kama tafsiri ya mashine ilivyokuwa imeweka kwenye kundi zima. Tumelibadilisha jina la kundi hapo hapo kaunta, mteja akiwa anasubiri tyubu.

Wiki ya 4, Jumatano

Ramani ya tovuti, faili linaloiorodheshea Google anwani za kurasa, imewekwa, mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Mipaka ni anwani 50,000 au MB 50 kwa faili, hatufiki popote karibu. Tumeacha `priority` na `changefreq` (umuhimu wa ukurasa na kasi yake ya kubadilika), Google haizitumii. `lastmod`, tarehe ya badiliko la mwisho, tumeiweka ibadilike pale tu bidhaa inapobadilika kweli. Awali ilikuwa inaandika tarehe ya leo kwenye kila anwani kila usiku. Kwa Bing tumewasha IndexNow, njia ya kuiarifu ukurasa ukibadilika.

Search Console sasa inaorodhesha kurasa za bidhaa. Nyingi zimo kwenye "zimegunduliwa, bado hazijaingizwa". Chache zimeingia, na karibu zote ni za modeli, za Kiswahili. Mwenye duka anataka kujua lini zitaingia zote. Nimemwambia siwezi kumtajia siku, na kwamba si lazima ziingie zote.

Yaliyobaki:

Kurasa za bidhaa bado zinategemea JavaScript. Mbunifu ameanza kuhamisha uchoraji kwenye seva, akianza na kurasa za modeli. Zile alizomaliza zinatoa kadi ya WhatsApp yenye picha na bei, na kijana wa dukani ameshaanza kuzituma.

Viungo vya zamani vya `#` vilivyosambaa kwenye magrupu haviwezi kuhamishwa na seva, kwa sababu kinachofuata `#` hakifiki kwenye seva. Tumeweka JavaScript ndogo kwenye ukurasa wa mwanzo inayovisoma na kumpeleka mtu panapostahili.

Mama anataka dirisha la "Pakua programu yetu" lifunike ukurasa mzima mgeni akifika kwenye simu. Google imekuwa ikizishusha kurasa za namna hiyo tangu Januari 2017. Nimependekeza ukanda mwembamba juu. Amesema atafikiria. Kikao Ijumaa, saa nne asubuhi, dukani.